Kilwa au Kulwa? Miaka elfu moja ya kutafuta kitabu cha Kiarabu

Leo tuweke kando kidogo simu mpya na programu mpya, tuzungumzie tatizo la kale ambalo tarakilishi zetu zimelirithi bila kuuliza limetoka wapi. Tatizo lenyewe ni hili: mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma Kiarabu, au historia iliyoandikwa kwa Kiarabu, atakipataje kitabu anachokihitaji?

Utasema, si aandike jina la kitabu kwenye kisanduku cha kutafutia, abonyeze, basi? Ngoja nikupe mfano wa hapa hapa pwani yetu.

Kuna kitabu cha Kiarabu kinachosimulia habari za masultani wa Kilwa. Kilitungwa katika karne ya 16 na mwandishi asiyejulikana jina. Nakala yake mashuhuri ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877, ikafika London kwa mkono wa John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar. Iliwekwa British Museum, na leo imo British Library kwa namba ya rafu Or. 2666. Mwaka 1895 S. Arthur Strong aliyachapisha maandishi yake katika jarida la Royal Asiatic Society. Jina la kitabu huandikwa Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa.

Umeona? Kulwa, si Kilwa. Kwa Kiarabu mji huo huandikwa كلوة, yaani kaf, lam, waw na ta marbuta. Irabu fupi hazionekani. Anayejua mji atasoma Kilwa. Anayefuata vina vya jina la kitabu, sulwa na kulwa, atasoma Kulwa. Hata katika habari za safari ya Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331, wataalamu huandika Kulwa. Wote wana haki. Lakini tarakilishi haina sikio. Kwake "i" ni "i" na "u" ni "u", na ukiiuliza Kilwa hukupi Kulwa, ila kama kuna mtu aliyekaa chini akaiambia kwamba haya ni majina mawili ya mji mmoja.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuambiwa "hakuna matokeo" juu ya kitabu cha historia ya pwani yake mwenyewe, na kitabu kipo. Sisi waandishi wa programu tunasema kila hifadhidata ina ufunguo. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba anayechagua ufunguo ndiye anayeamua nani atakipata kitabu. Jambo hili halikuanza na Google. Lina miaka zaidi ya elfu moja, na kila tabaka la historia yake bado limo ndani ya katalogi unayoifungua leo.

Mwuza vitabu wa Baghdad

Tuanzie Baghdad, mwaka 377 wa Hijria, yaani 987 au 988 Miladi. Hapo aliishi Ibn al-Nadim, ambaye kazi yake ilikuwa warraq. Neno hili si geni kwetu, lina undugu na waraka. Warraq alikuwa mtu wa karatasi: ananakili vitabu, anauza, na anajua nani ameandika nini. Ibn al-Nadim akaamua kuorodhesha vitabu vyote alivyovijua vilivyopatikana kwa lugha ya Kiarabu, viwe vya Waarabu au vya mataifa mengine vilivyotafsiriwa. Kitabu chake kinaitwa al-Fihrist. Na neno hili nalo tunalo: ni fahirisi yetu ya mwisho wa kitabu.

Alichagua ufunguo gani? Alichagua mada. Fihrist ina sehemu kumi. Sita za kwanza zinahusu maandiko na herufi, sarufi, historia na adabu, ushairi, elimu ya itikadi, na sheria. Nne za mwisho zinahusu falsafa na sayansi za kale, hadithi na uchawi, dini nyingine, na kemia ya kale iliyotafuta kugeuza madini kuwa dhahabu. Ndani ya kila sehemu anataja waandishi, maisha yao, kisha vitabu vyao.

Kuna jambo lililonifurahisha kama mtu wa programu. Alipofika kwa washairi alitaja ukubwa wa diwani kwa idadi ya kurasa, akaeleza pia ni karatasi ya aina gani anayoihesabia na ina mistari mingapi kila upande, ili msomaji ajue ukubwa wa kazi yenyewe. Leo tungesema faili ni kilobaiti ngapi! Alijua kwamba "kurasa mia" bila kipimo hakumaanishi kitu.

Vitabu vingi alivyovitaja vimepotea kabisa. Vita, moto, maji na mchwa vimefanya kazi yao. Tunajua viliwahi kuwepo kwa sababu tu viliandikwa kwenye orodha. Hilo tulikumbuke, kwani tutalirudia: kitabu kinaweza kufa orodha ikabaki, na kitabu kinaweza kuwa hai lakini kwa kukosa orodha kikawa kama kimekufa.

Mtu mmoja, majina matano

Kwa nini Ibn al-Nadim hakupanga kwa jina la mwandishi, kama tufanyavyo sisi? Hapa lazima tuelewe jina la Kiarabu lilivyoundwa, kwani ndilo linalowachosha wanafunzi wengi.

Mtu mmoja anaweza kuwa na jina alilopewa alipozaliwa, kwa mfano Muhammad. Kisha ana kunya, yaani jina la uzazi, Abu fulani. Ana nasaba, ibn fulani ibn fulani. Ana lakabu, jina la sifa au la utani. Na ana nisba, jina la mahali, kabila au kazi, kama al-Baghdadi au al-Mazrui. Yupi kati ya hawa ndiye "jina la ukoo" la kuweka kwenye faili? Hakuna kanuni moja. Inategemea watu walimzoea kwa lipi. Al-Ghazali anajulikana kwa nisba, ingawa jina lake ni Muhammad na kunya yake Abu Hamid. Ibn Khaldun anajulikana kwa babu. Al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa Basra, anajulikana kwa lakabu inayomaanisha mwenye macho yaliyotokeza, na jina lake halisi ni Amr ibn Bahr. Ukimtafuta kwa "Amr" utakesha.

Karne ya 17 mtu mwingine alijaribu ufunguo tofauti. Katip Çelebi wa Istanbul, anayeitwa pia Hajji Khalifa, aliishi kati ya 1609 na 1657. Alipenda kuzunguka maduka ya vitabu akiandika majina ya kila alichokiona. Matunda yake ni Kashf al-zunun, orodha ya vitabu zaidi ya 14,000, iliyopangwa kwa alfabeti ya jina la kitabu badala ya jina la mtu. Akili hiyo! Mwandishi ana majina matano, lakini kitabu kwa kawaida kina moja, na mara nyingi lina vina ili likumbukwe. Mpaka leo, ukikwama kwa mwandishi, tafuta kwa jina la kitabu.

Miswada inapanda meli

Wakati huo Ulaya nayo ilikuwa inakusanya. Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilimpa Thomas Erpenius kiti cha uprofesa wa Kiarabu mwaka 1613. Mwaka 1665 alifariki Levinus Warner, mwakilishi wa Uholanzi huko Istanbul, akakiachia chuo hicho miswada yake ipatayo elfu moja. Miongoni mwa miswada hiyo kulikuwa na mingine iliyopitia kwenye maktaba ya Katip Çelebi mwenyewe. Oxford, Paris, Vienna na Berlin nazo zilikusanya zao. Mingine ilinunuliwa, mingine ilitolewa zawadi, mingine ilichukuliwa wakati mwenyewe hakuwa na nguvu ya kukataa.

Vitabu vikatawanyika, na orodha nazo zikatawanyika. Kila maktaba ilikuwa na katalogi yake, moja kwa Kilatini, nyingine kwa Kijerumani. Gustav Flügel, Mjerumani, alichapisha Kashf al-zunun pamoja na tafsiri ya Kilatini katika juzuu 7 kati ya 1835 na 1858. Pia alitayarisha Fihrist, ikatoka 1871 na 1872, baada ya yeye mwenyewe kufariki. Yaani orodha za Baghdad na Istanbul zikawa zana za kazi za maprofesa wa Ulaya.

Halafu akaja Carl Brockelmann. Kati ya 1898 na 1902 alitoa juzuu mbili za kitabu cha historia ya fasihi ya Kiarabu, ambacho watafiti hukiita kwa herufi tatu tu, GAL. Jina linasema historia, lakini ni hifadhidata iliyochapishwa: mwandishi, mwaka wa kufa, vitabu vyake, na kila nakala ya mswada iko mji gani kwa namba gani. Yote kwa vifupisho vilivyobanana kama matatu ya saa kumi na mbili jioni.

Kazi ikaendelea kukua. Kati ya 1937 na 1942 Brockelmann alitoa nyongeza ya juzuu tatu. Kisha, mwaka 1943 na 1949, akatoa toleo jipya la zile juzuu mbili za mwanzo. Soma tena hiyo miaka. Kiraka kilitoka kabla ya programu mpya! Nyongeza inataja kurasa za toleo la kwanza, kwa hiyo toleo la pili likalazimika kubeba namba za kurasa za zamani pembezoni ili viungo visivunjike. Wale mnaohangaika kutunza programu za zamani, mnajua maumivu hayo. Mwanafunzi anayeona rejeo la GAL lazima ajue ni la juzuu kuu au la nyongeza, na ni la toleo gani. Afadhali siku hizi kuna tafsiri ya Kiingereza kutoka kampuni ya Brill, maana zamani bila Kijerumani ulibaki mlangoni.

Fuat Sezgin, Mturuki, aliona mapengo ya Brockelmann, hasa kwenye miswada ya Istanbul. Baada ya mapinduzi ya 1960 nchini mwake alifukuzwa chuo kikuu pamoja na wasomi wengine, akahamia Frankfurt. Juzuu ya kwanza ya kazi yake, GAS, ilitoka 1967. Aliendelea nayo hadi alipofariki mwaka 2018, mwenye miaka zaidi ya 90. Kazi hiyo inafika takriban mwaka 430 wa Hijria tu. Baada ya hapo unarudi kwa Brockelmann. Usisahau mpaka huo, utakuokolea siku nzima.

Kadi na herufi za Kirumi

Maktaba za vyuo vikuu za karne ya 20 zilitumia kadi ndani ya droo. Kadi zote zilipaswa kukaa katika mstari mmoja kuanzia A hadi Z. Sasa kadi ya Kiarabu utaiweka wapi? Jibu lilikuwa ni kuiandika kwa herufi za Kirumi. Hapo ndipo fujo ilipoanza rasmi, kwa sababu kila taifa liliandika kwa sikio lake.

Mchukue yule yule al-Jahiz. Maktaba za Marekani zinaandika Jāḥiẓ. Wajerumani wanaandika Ǧāḥiẓ, kwa sababu "j" kwao ni "y". Toleo la pili la Encyclopaedia of Islam linaandika Djāḥiẓ. Kwa hiyo mtu mmoja yuko kwenye J, kwenye G na kwenye D! Toleo la tatu, lililoanza 2007, likahamia "j", lakini makala zote za toleo la pili zimebaki na mtindo wake. Vivyo hivyo "q" ya toleo la tatu ilikuwa "ḳ" katika la pili. Ukitafuta Quran au qadi katika la pili, nenda K.

Sisi Waswahili hatushangai sana. Lugha yetu iliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hizi za Kirumi, na tumezoea dh, th na gh. Lakini tazama linalotokea: Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, aliyeishi 1891 hadi 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya Wamazrui. Ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Katika maandishi tofauti utakuta Mazrui, Mazru'i, na Mazrūʻī yenye alama ya ain katikati. Kwa jicho ni jina moja. Kwa tarakilishi isiyofundishwa ni majina matatu.

Kisha kuna rafu. Mfumo wa Library of Congress unaweka lugha na fasihi ya Kiarabu kwenye PJ, Uislamu kwenye BP, historia ya Afrika kwenye DT, na Kiswahili kwenye PL, karibu na 8701. Katika mfumo wa Dewey, fasihi ya Kiarabu ni 892.7 na Uislamu 297. Je, utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, unaosimulia vita vya Mtume, na uliotungwa Pate, utakaa wapi? Mwanachuoni wa pwani aliyeandika sheria kwa Kiarabu na mashairi kwa Kiswahili amekatwa vipande na kusambazwa ghorofa mbili za maktaba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mfumo ulibuniwa na watu ambao mtu wa namna hiyo hakuwa akilini mwao.

Tarakilishi inaingia

Katikati ya miaka ya 1960, Henriette Avram, mwandishi wa programu huko Library of Congress, aliongoza kubuni MARC, muundo wa rekodi za maktaba unaosomeka na mashine. Bado unatumika. Kila sehemu ina namba: 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu. Mwaka 1971 OCLC ya Ohio ilianzisha katalogi ya pamoja ya moja kwa moja, ambayo leo tunaijua kama WorldCat.

Lakini mashine za wakati huo zilijua herufi za Kirumi tu. Kwa hiyo ule uamuzi wa kadi, wa kuandika Kiarabu kwa Kirumi, ukagandishwa ndani ya mamilioni ya rekodi. Miaka ya mwanzo ya 1990 mtandao wa maktaba za utafiti za Marekani, RLIN, ulianza kupokea herufi za Kiarabu, na Unicode 1.0 ya Oktoba 1991 ikaipa kila herufi ya Kiarabu namba yake kuanzia U+0600. Katika MARC kuna sehemu namba 880 ambayo hubeba jina kwa herufi za asili. Rekodi mpya mara nyingi inazo herufi zote mbili. Rekodi ya zamani inayo ya Kirumi peke yake. Ukitafuta kwa Kiarabu tu, unazikosa zote za zamani.

Na usidhani Unicode ilimaliza kazi. Hapa nawaomba wanaoandika programu wanisikilize vizuri.

Alif ina sura nne za kawaida: alif tupu (U+0627), yenye hamza juu (U+0623), yenye hamza chini (U+0625), na yenye madda (U+0622). Watu huandika "Ahmad" kwa hamza au bila hamza. Ta marbuta (U+0629) wengine huandika ha (U+0647). Ya ya Kiarabu ni U+064A lakini ya Kifarsi ni U+06CC, na kwenye skrini katikati ya neno huwezi kuzitofautisha. Kaf ni U+0643, ya Kifarsi U+06A9. Alama ya ain katika herufi za Kirumi za maktaba ni U+02BB, lakini mwanafunzi anabonyeza alama ya kawaida ya kunukulu. Na faili za zamani za PDF mara nyingi zina herufi za Kiarabu zilizohifadhiwa kwa umbo lake la mwanzo, kati au mwisho wa neno, kila umbo na namba yake. Ukinakili neno kutoka humo na kulitafuta, hupati kitu, na kwa macho limefanana kabisa.

Dawa ni kusawazisha kabla ya kulinganisha: geuza alif zote kuwa moja, ondoa irabu za juu na chini, ondoa mkia wa kurefusha neno, unganisha ya zote na kaf zote, kata "al" ya mwanzo, na fanya hivyo hivyo kwa swali la mtumiaji. Lakini usiharibu maandishi ya asili. Weka nakala iliyosawazishwa pembeni kwa ajili ya kutafutia tu. Ni mistari michache ya msimbo, na kuna maktaba ambazo mfumo wao mpaka leo hauifanyi yote.

Nyumbani kuna nini?

Mwanafunzi wetu hahitaji kuanzia London. Katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen alikusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Zanzibar ilikuwa na mtambo wa uchapishaji wa Kiarabu tangu enzi ya Sultan Barghash, katika miaka ya 1880, ukitoa vitabu vya fikihi ya Kiibadhi. Basi usisahau kutafuta "Zanjibar" kama mahali pa uchapishaji. Library of Congress nayo ina ofisi Nairobi tangu 1966, inayonunua vitabu vya ukanda huu.

Na Lamu iko Riyadha, msikiti na chuo cha Habib Saleh. Miswada yake ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, mradi namba EAP466. Miswada yenyewe ilibaki Lamu. Huo ni utaratibu mzuri kuliko wa enzi za Kirk.

Lakini sikilizeni hili. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia British Library. Tovuti zikazimika, na katalogi ya mtandaoni ilirudi Januari 2024 kwa sura ya muda, ya kusoma tu. Picha nyingi za kidijitali zilikaa bila kufikiwa muda mrefu zaidi. Vitabu havikuungua hata kimoja! Vilikuwa rafuni, vimetulia. Kilichokatika ni orodha, na bila orodha mtafiti wa nje hakuwa na mlango. Ibn al-Nadim angeelewa mara moja.

Njia ya kupita

Kwa hiyo, wewe unayeanza utafiti wa shahada, historia hii inakupa mpangilio wa kazi:

1. Kabla ya kugusa katalogi yoyote, tengeneza karatasi ya mwandishi wako: jina, kunya, nasaba, lakabu, nisba, na mwaka wa kufa kwa Hijria na Miladi. Mwaka wa kufa ndio unaotofautisha akina Muhammad ibn Ahmad. Kumbuka mwaka mmoja wa Hijria kwa kawaida huangukia miaka miwili ya Miladi.

2. Andika kila tahajia: j, dj, ǧ, q, k, ḳ, u, ou, sh, ch. Tazama VIAF, ambako maktaba za taifa nyingi zimeunganisha tahajia zao za mtu mmoja. Hapo utapata nyingine ambazo hukuzifikiria.

3. Kwa mwandishi wa kabla ya 430 Hijria, anza na Sezgin. Kwa wa baadaye, Brockelmann, ukiangalia juzuu kuu na nyongeza.

4. Kwa makala za majarida, tumia Index Islamicus, iliyoanzishwa na J.D. Pearson, mkutubi wa SOAS. Juzuu ya kwanza ilitoka 1958 ikifunika makala tangu 1906.

5. Tafuta WorldCat mara mbili, kwa Kirumi na kwa Kiarabu. Jaribu pia kwa jina la kitabu peke yake, bila "al" ya mwanzo.

6. Kwa miswada iliyoko Uingereza kuna katalogi ya pamoja inayoitwa Fihrist. Naam, imechukua jina la yule mzee wa Baghdad. Hill Museum & Manuscript Library ya Minnesota ina picha za miswada ya nchi nyingi, ikiwemo ya Timbuktu.

7. Kwa maandishi kamili ya bure, kuna Arabic Collections Online ya chuo cha NYU Abu Dhabi, MENAdoc ya Halle nchini Ujerumani, al-Maktaba al-Shamela, na OpenITI kwa wanaotaka kuchambua maandishi kwa programu. Shamela ni nzuri kwa kutafutia neno, lakini ukinukuu, linganisha na chapa ya karatasi.

8. Ukipata, andika namba ya rafu na hifadhi nakala unayoruhusiwa kuihifadhi. Usiamini kwamba kiungo cha leo kitafunguka kesho.

Na wewe unayeandika programu, kazi ipo. Pwani nzima kuna makabati ya misikiti, vyuo na nyumba ambayo hayana orodha yoyote. Si lazima uanze na seva kubwa. Jedwali moja linatosha: jina la kitabu kwa Kiarabu, jina kwa Kirumi, mwandishi, mwaka kama upo, kipo wapi, na safu moja ya ziada kwa tahajia nyingine zote. Omba ruhusa ya wenye vitabu kwanza, na waachie nakala ya orodha wao wenyewe, kwani ni mali yao.

Hiyo safu ya ziada ndiyo nawaomba msiisahau. Humo andikeni Kilwa, na mkato, na Kulwa. Haya, tukutane tena.